Kanali Asiye na Pasipoti

Emmett Vandiver alipigiwa ile simu Jumatatu asubuhi akiwa amepiga magoti jikoni, anafungua boksi lililoandikwa "sufuria" na kukuta humo viatu vya binti yake na taa ya chumbani. Wafungashaji wa mizigo ya jeshi ndivyo walivyo. Ukiwaacha peke yao watafunga hata pipa la taka pamoja na taka zake, watalibandika namba, na baada ya miezi miwili utalipokea mlangoni kwako na kulitilia saini. Huu ulikuwa uhamisho wa kumi na moja wa akina Vandiver. Uliwaleta Fort Worth, Texas, kwenye nyumba ya matofali yenye majani makavu mbele, nyumba ya kwanza kuichagua wenyewe.

"Kanali Vandiver?" ilisema sauti ya mwanamke. "Mimi ni Bi. Ottley, wa shirika la ndege, idara ya marubani wapya. Nimepata nakala ya pasipoti uliyonitumia leo asubuhi."

"Naam, Bi. Ottley. Imesomeka vizuri?"

"Imesomeka. Ila siyo yenyewe."

Emmett akainuka kwa kushika ukingo wa meza, magoti yanamlia. "Siyo yenyewe kivipi? Jina langu, sura yangu."

"Hii ni ya serikali, Kanali. Ile ya rangi ya damu ya mzee. Imeandikwa humu kwamba mwenye nayo yuko nje ya nchi kwa kazi ya serikali ya Marekani. Jumatatu ijayo wewe hutakuwa kwenye kazi ya serikali, utakuwa kwetu. Nahitaji ya raia, ile ya bluu."

"Lakini bado ina miaka miwili mbele."

"Hata ingekuwa na ishirini." Bi. Ottley alishusha pumzi, na ilikuwa pumzi ya mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara nyingi. "Kwenye fomu ya maombi tulikuuliza kama una pasipoti isiyo na masharti, ukaweka alama kwenye 'ndiyo'. Ninyi marubani wa jeshi nyote ni wale wale, kila mwezi ninao wawili watatu. Nitakusubiri mpaka Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo kiti chako cha darasani nampa mwingine, na wewe naanza kukutafutia darasa la baadaye. Itakuwa kama wiki tisa hivi."

"Wiki tisa."

"Kama hivyo. Pole, Kanali. Kweli nasema."

Hebu niseme kidogo kuhusu hizo wiki tisa, maana mtu anaweza kudhani ni subira tu, ukae nyumbani, upake rangi uzio. Kwenye mashirika ya ndege ya Marekani hawatazami wewe ni nani. Unaweza kuwa umerusha ndege vitani miaka ishirini na mbili, umefundisha marubani mia, kifuani una nishani mpaka koti linainama upande. Yote hayo unayaacha mlangoni. Wanachotazama ni siku uliyoanza darasa. Siku hiyo unapewa namba, na namba hiyo ndiyo itakayosema unakaa mji gani, unalala kwako siku ngapi, Krismasi uko mezani au uko hewani. Aliyeanza Jumatatu hii yuko mbele ya atakayeanza baada ya wiki tisa mpaka siku wote wawili watakapostaafu wakiwa wazee. Hakuna kurukana. Na darasa la Emmett lilikuwa na nafasi za kituo cha Dallas, mwendo wa nusu saa kutoka kwenye ile nyumba ya matofali. Madarasa ya nyuma yake yote yalikuwa yanapelekwa New York.

Na kulikuwa na Corinne, mkewe. Siku Emmett alipotia saini karatasi za kustaafu, Corinne alimfuata gereji akamwambia taratibu, bila kelele, na hilo ndilo lililomtisha: "Nimehama mara kumi kwa ajili yako, na hii ya kumi na moja nitahama. Ya kumi na mbili sihami. Na mume wa kwenye simu sitaki tena, nimekuwa naye vya kutosha. Wakikupangia mbali, nenda, sikuzuii. Lakini usiniambie nikusubiri."

Emmett alimjua mkewe. Hakuwa mtu wa vitisho.

Akampigia Lonnie Skaggs, waliyekuwa wakirusha naye zile ndege kubwa za mafuta, zinazonywesha ndege nyingine huko huko angani. Lonnie alitangulia kustaafu, na sasa alikuwa na miaka minne kwenye shirika lile lile.

"Lonnie, nimeharibu."

"Umegonga nini?"

"Sijagonga kitu. Pasipoti. Nimewapelekea ile ya serikali."

Lonnie akacheka mpaka akakohoa. "Wewe! Mwalimu wa walimu! Umetua nchi ngapi vile? Arobaini na tatu, si ndivyo unavyojisifu kila ukinywa bia mbili? Na pasipoti huna! Mama yangu anayo, na tangu azaliwe hajavuka mto!"

"Cheka umalize."

"Nimemaliza." Akacheka tena. "Sasa ndiyo nimemaliza. Sikiliza, mzee. Na mimi nilifanya hivyo hivyo."

"Wewe? Na hukunionya?"

"Ningekuonya ingebidi nikueleze nilijuaje." Sauti ya Lonnie ikashuka, utani ukaisha. "Nilikosa darasa langu, nikaingia la baada ya wiki nane. Ndiyo maana niko New York. Mwaka wa nne huu nalala kwenye chumba cha marubani sita karibu na uwanja, tunapokezana vitanda. Ya nyumbani kwangu unayajua, sina haja ya kuyarudia. Itafute hiyo pasipoti, Emmett. Usilale, usile, itafute."

Utauliza mtu mzima anafanyaje kosa kama hilo. Ni wanajeshi tu wanaolifanya. Rubani wa jeshi anakwenda duniani kote kwa kitambulisho chake na karatasi ya amri, na pale inapohitajika pasipoti, ofisi ya kikosi inamtengenezea hiyo ya damu ya mzee, inamlipia, na tarehe zake inamkumbushia. Ile ya raia inalala kwenye droo mpaka inakufa. Ya Emmett ilikufa miaka saba iliyopita, na wala hakuihangaikia, kwa kuwa hakuwahi kwenda popote ambako jeshi halikumpeleka.

Akapiga simu ya ofisi ya pasipoti. Karani alikuwa mpole. Akamweleza kwamba ofisi ya Dallas inaweza kumtolea pasipoti kwa siku moja mbili, ila hiyo ni kwa mwenye safari ya nje ya nchi ndani ya wiki mbili, na aje na tiketi. "Unasafiri lini, bwana?"

"Sisafiri. Naanza kazi."

"Hongera. Basi yako ni ya kawaida. Wiki nne mpaka sita."

Emmett akakaa juu ya boksi la sufuria. Alikaa hapo hapo mpaka saa kumi, mikono magotini, na ukimwuliza leo alikuwa anawaza nini hatakuambia, kwa sababu hakuwa anawaza kitu. Kuna uchovu wa namna hiyo. Mtu anaamka nao, anapiga nao mswaki, anakwenda nao kazini miaka na miaka akidhani ndiyo umbo lake alilozaliwa nalo.

Corinne aliporudi, na mkoba umemjaa mitihani ya kemia ya wanafunzi wake, alimtazama mara moja tu. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi sema."

Akamwambia yote, na Ijumaa saa sita, na wiki tisa, na New York. Alisubiri apigiwe kelele. Corinne akavua viatu, akaketi kwenye ngazi, akasugua unyayo wake mmoja kwa muda.

"Mimi sishangai," alisema mwishowe.

Akaenda chumbani akarudi na boksi la bati. Kila mke wa mwanajeshi analo, la bati au la plastiki, na hakuna mfungashaji anayeruhusiwa kuligusa. Vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi za chanjo, hati za gari. Mizigo mingine inakwenda kwa lori, boksi hilo linakwenda miguuni pa mama, kwenye gari lake mwenyewe, na akisimama kula njiani anashuka nalo. Corinne alilifungua sakafuni. Akatoa cheti cha kuzaliwa cha Emmett. Akatoa pasipoti mbili za bluu, yake na ya Tamsin, binti yao wa miaka kumi na sita, zote ngumu bado, hazijawahi kukunjwa. Halafu chini yake akatoa fomu.

Emmett aliisoma. *Vandiver, Emmett Royce.* Mahali pa kuzaliwa, jina la mama, urefu, rangi ya macho, yote kwa mwandiko wa mkewe. Mwishoni, mahali pa saini, Corinne alikuwa amechora alama ya kalamu nyekundu kumwonyesha pa kutia. Hapakuwa na saini.

"Cozumel," alisema Emmett. Kilikuwa kisiwa cha Mexico walichopanga kwenda kupumzika.

"Cozumel. Miaka kumi na tano ya ndoa." Corinne hakupandisha sauti. "Niliiweka juu ya friji wiki tatu. Nikaihamishia kwenye usukani wa gari lako. Nikaiweka kwenye mto wako, ukaisogeza ukalala. Kila siku kesho. Halafu wakakuita Jumanne, ukaenda miezi mitano. Mwenye hoteli alinionea huruma, akanirudishia kila kitu bila mimi kuomba."

"Kwa nini hukuitupa?"

"Sijui. Hata kutupa vitu nilikuwa nimechoka."

Aibu ikamshika Emmett mpaka masikioni. Angependa Corinne atukane, avunje sahani, lolote lile. Lakini Corinne alikuwa amekwisha kufungua kompyuta yake juu ya mitihani ya watu na anabofya.

"Unafanya nini?"

"Wanataka safari, si ndiyo? Tutawapa safari." Akabofya tena. "Jumamosi asubuhi saa tatu, Dallas mpaka Cozumel, watu wawili. Kurudi Jumapili alasiri. Jumatatu uko darasani. Tamsin atakwenda kwa rafiki zake akina Pruitt, wana mazoezi ya kuogelea."

"Zinarudishwa hizo tiketi?"

"Zinarudishwa."

Kwa mara ya kwanza siku ile Emmett akacheka. "Una akili wewe mwanamke! Tunaonyesha tiketi, wanatoa pasipoti, tunazirudisha. Una akili kuliko kikosi kizima."

Corinne hakujibu. Emmett akadhani ni uchovu.

Simu ya pili kwa ofisi ya pasipoti ilikwenda vizuri, wakapewa miadi ya Jumatano saa nne asubuhi, na Emmett akajaza fomu mpya. Jumanne Emmett akaenda duka la dawa kupigwa picha, amevaa koti lake la kikosi, lile la kijani lenye nembo mabegani. Binti wa pale dukani akashusha kamera. "Samahani, bwana. Nguo za jeshi hazikubaliki kwenye picha."

"Hili ni koti tu."

"Lina beji nane."

Akarudi nyumbani akafungua kabati lake. Suruali za kijani, fulana za kijani, magwanda ya kurukia, suti moja ya misiba. Shati la kawaida la mtu wa kawaida hakuliona. Mwisho akavaa la mistari alilopewa na mama mkwe miaka ile, bado lina mkunjo wa dukani, akarudi akapigwa picha. Kwenye picha ile anaonekana kama mtu aliyekamatwa, na ndivyo ilivyobaki mpaka leo.

Jumatano walikwenda Dallas pamoja, Corinne akiwa ameomba ruhusa shuleni. Dirishani alikaa mama mtu mzima mwenye miwani ya mnyororo, anayepitia karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari. Aliangalia cheti. Aliangalia ile pasipoti ya damu ya mzee, akaigeuza, akamrudishia. Aliangalia tiketi.

"Jumamosi, Mexico."

"Ndiyo, mama."

"Mnasafiri wawili?"

"Mimi na mke wangu, mama."

"Na umeandika hapa kwenye fomu tarehe hiyo hiyo. Vizuri. Usitie saini bado. Inua mkono wa kulia."

Mkono wa Emmett ulipanda wenyewe, kiganja wazi, kiwiko pale pale panapotakiwa, na mgongo ukanyooka. Aliuinua vile siku alipoingia jeshini na kila alipopandishwa cheo.

"Unaapa kwamba yote uliyoyaandika humu ni kweli?"

"Naapa."

Corinne alikuwa amesimama ukutani, mkoba kifuani, anautazama ule mkono.

"Sasa tia saini. Njoo kesho saa tisa alasiri."

Alhamisi saa tisa na robo Emmett alikuwa na Corinne kwenye maegesho ya ile ofisi, ndani ya gari, na kitabu cha bluu mkononi. Alipiga picha ukurasa wake kwa simu, akautuma kwa Bi. Ottley, wakangoja. Jibu likaja baada ya dakika kumi. *Imekubaliwa. Kituo chako Dallas. Tuonane Jumatatu.*

Emmett akaegemeza paji la uso kwenye usukani. "Tumepona," alisema. "Corinne, tumepona. Dallas." Corinne akamshika shingo kwa nyuma, akaiminya, na kama hadithi ingeishia pale maegeshoni wote wangekuwa radhi.

Lakini Emmett aliinua kichwa, akawasha gari, akasema, "Sasa zirudishe zile tiketi kabla muda haujapita."

Corinne akatazama mbele. "Sirudishi."

"Nini?"

"Umesikia."

"Corinne, nina kurasa mia tatu za kusoma kabla ya Jumatatu. Mifumo ya ndege mpya, yote mipya kwangu. Nitakaa darasani na vijana wa miaka ishirini na sita."

"Utasoma kwenye ndege."

"Yale maboksi hayajafunguliwa hata nusu. Na gari la Tamsin..."

"Emmett."

"Zile tiketi zilikuwa karatasi tu! Za kumwonyesha yule mama. Tulikubaliana."

"Sikumbuki kukubaliana. Wewe ulisema, mimi nilinyamaza." Akamgeukia. "Uliinua mkono. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu. Ulimwapia yule mama kwamba Jumamosi unakwenda Cozumel na mkeo. Ulikuwa unamdanganya?"

Watu wa jeshi lile watatania kitu chochote, mazishi, makamanda, wake zao, lakini kiapo na saini hawatanii. Emmett mwenyewe aliwahi kumtoa luteni mmoja kwenye kozi kwa kutia saini ukaguzi wa tairi ambao hakuufanya. Tairi zilikuwa nzima, na luteni alilia, na Emmett akamwambia tairi si hoja. Sasa akajiona amekaa pale pale alipokuwa amekaa yule luteni.

"Sikufikiria hivyo," alisema.

"Najua hukufikiria. Mimi nilifikiria." Sasa sauti ya Corinne ilianza kutetemeka. "Miaka kumi na nane, Emmett. Mtu yeyote aliyekuja na karatasi yenye saini alikupata. Kamanda akileta karatasi, unakwenda. Ofisi fulani ya mbali, hata jina lake huijui, ikileta karatasi, unafunga begi usiku huo huo. Tamsin alipofanyiwa upasuaji wa masikio walileta karatasi, ukaenda. Na mimi ningekuambia nini? Mimi sikuwa na karatasi. Nilikuwa na mdomo tu. Haya, leo ninayo. Ya serikali, ina muhuri, ina saini yako, na umeiapia."

Gari likawa linaunguruma pale pale lilipo. Mtu wa nyuma aliyetaka nafasi ya kuegesha akapiga honi. Emmett hakusogea.

"Nimechukia kukutega," alisema Corinne. "Nimejichukia tangu Jumatatu. Lakini ningekuomba tu, ungesema ndiyo, halafu ungesema kesho."

Alikuwa na haki, na Emmett alilijua hilo. "Saa ngapi inaondoka?" aliuliza.

"Saa tatu."

Akaondoa gari.

Usije ukadhani alikwenda kwa furaha. Alikwenda kama anavyokwenda zamu. Ijumaa alifungua maboksi sita mfululizo, akasoma mpaka macho yakawa mekundu, na Jumamosi aliamka kabla ya saa ya kengele akapakia begi dogo kwa dakika nne. Ndani ya ndege alikaa kiti cha abiria na kurasa zake magotini, akisikiliza injini, akimkosoa rubani kimoyomoyo namna alivyopunguza mwendo. Corinne alilala kichwa kikiwa dirishani. Walitua. Emmett akaona rubani ametua vizuri kuliko alivyotegemea, na hilo pia likamchosha.

Foleni ya uhamiaji ilikuwa fupi. Ukumbi ulikuwa na joto, feni zinazunguka bila kusaidia mtu, watoto wa watu wamekaa juu ya mabegi. Mbele yao walikuwa wenzi wazee waliovaa kofia zinazofanana. Corinne alikuwa anatafuta kitu mkobani, akamsukuma kidogo kiunoni. "Tangulia, nakuja."

Emmett akaenda dirishani. Afisa alikuwa mwanamume mnene kidogo, shati jeupe, masharubu yamechanwa vizuri. Alifungua pasipoti mpya, akatazama ile picha ya shati la mistari, akamtazama mwenyewe. Kisha akauliza bila kuinua kalamu, "Umekuja kwa kazi au kupumzika?"

Lilikuwa swali la watu wote. Wale wazee wa kofia walilijibu wakicheka. Emmett alikuwa na jibu tayari ulimini, lilikuwa hapo kwa miaka ishirini na mbili, na leo lingekuwa uongo. Akatafuta lile jingine. Hakulipata. Hakukumbuka lini alilitamka juu yake mwenyewe, mbele ya mtu anayeandika.

"Bwana? Kazi, au kupumzika?"

"Kupumzika," alisema Emmett, na hapo hapo akaanza kulia.

Hakikuwa kilio cha kufuta jicho kwa kidole ukaendelea. Mabega yalimshuka, akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, mtu mzima, kanali, mbele ya watoto na mabegi yao. Alijaribu kusema samahani ikakataa kutoka. Afisa akatazama huku na huku kama anayetafuta mkubwa wake.

Corinne akavuka ule mstari wa njano usiovukwa mpaka uitwe. Akamwekea mume wake mkono mgongoni, na pasipoti yake mwenyewe akaiweka juu ya ile nyingine.

"Ana nini?" afisa aliuliza kwa sauti ya chini. "Ni mgonjwa? Niite daktari?"

"Hapana," alisema Corinne. "Ni mume wangu. Amechoka."

Afisa akamtazama Emmett, akaacha kutafuta mkubwa. Akachukua kalamu. "Mnakaa siku ngapi, mama?"

"Tunaondoka kesho. Jumatatu anaanza kazi."

"Kesho!"

"Kesho alasiri."

Yule mtu alikaa kidogo na kalamu yake. Halafu akaandika kwenye karatasi ya kibali ya kwanza, akaandika kwenye ya pili, akagonga mihuri, akazisukuma zote pamoja chini ya kioo mpaka zikagusa vidole vya Emmett.

"Nimewaandikia siku mia na themanini," alisema. "Zaidi ya hapo siruhusiwi."